Mjadala: Je, mkopo wa mashine umfikie pia mkulima anayenunua reki kuukuu ya nyasi?

Miongoni mwa wafugaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya kuna wanaoshikilia kwamba fedha za umma na mikopo ya vyama vya ushirika inunue mashine mpya tu, kwa kuwa za mtumba humrudisha mkulima nyuma. Kuhusu matrekta na mashine za kufunga marobota, hoja hiyo ina uzito. Kuhusu reki ya nyasi, yaani mashine inayokokotwa na trekta ili kukusanya nyasi zilizokatwa ziwe mistari kabla ya kufungwa, naipinga.

Meno ya reki nyingi za zamani za kukokotwa huzungushwa na magurudumu ya reki yenyewe inapotembea shambani, bila kuchukua nguvu ya injini, kwa hiyo hata trekta dogo linazimudu. Fremu, gia, beringi na meno ndiyo mashine yote, na fundi wa kuchomelea aliye karibu anaweza kuirekebisha.

Ubaya wa kweli wa reki chakavu ni jino linalokatika na kubaki ndani ya nyasi. Likisalimika kupita kwenye mashine ya kufungia, linaweza kumezwa na ng'ombe, likatoboa tumbo na hata kufikia moyo. Wapinzani wangu wana haki kabisa ya kulitaja jambo hili, lakini dawa yake ni kukagua kila jino, kubadilisha yaliyopinda au yenye ufa, na kuyafunga kwa waya kwenye upau unaoyashikilia ili lolote litakalovunjika lisianguke. Vilevile reki iinuliwe kwa jeki, gurudumu lizungushwe kwa mkono huku gia zikisikilizwa, kila upau utikiswe ili kujua kama beringi zimelegea, na viungo vya fremu vichunguzwe chini ya rangi, maana rangi mpya huficha mengi.

Aina pia ina maana. Reki yenye magurudumu ya meno ina muundo rahisi zaidi, ila huzunguka kwa kugusa ardhi, na kwenye shamba la mawe huchanganya nyasi na udongo. Mwenye alfalfa (lusini) ana sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu: sehemu kubwa ya protini imo kwenye majani, nayo hupukutika yakishakauka sana, hata reki iwe mpya kiasi gani. Akusanye asubuhi, umande ukiwa bado haujaisha, kisha asifunge hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20, la sivyo marobota yatapata joto na kuvu.

Napendekeza mkopo utolewe baada ya ukaguzi wa fundi asiye na uhusiano na muuzaji. Wanaotaka mashine mpya tu watueleze familia yenye ekari tano za nyasi za malisho za Boma Rhodes itarudishaje bei ya reki mpya inayofanya kazi siku chache tu kila msimu.