Kromosomu za ngano na za nyasi pori hazishikani kabisa, tatizo ni nini?

mbegu_chotara: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Tumechavusha ngano ya mkate kwa Aegilops longissima, nyasi pori ndugu ya ngano, tunatafuta kinga ya ugonjwa wa ubwiri unga, chotara imeota na kromosomu ziko 28, yaani 21 za ngano na 7 za nyasi, ila nikichukua chavulio changa nikapaka rangi nikaangalia kwenye hadubini naona karibu zote zimekaa mojamoja tu, hazishikani jozi za kubadilishana vipande. Sasa kama hazishikani, hiyo jeni ya kinga itahamiaje kwenye ngano?

Kromo5B: Anayezuia hapo ni Ph1, jeni iliyoko mkono mrefu wa kromosomu 5B, imejulikana tangu 1958. Ngano ya mkate ina jenomu tatu, yaani seti tatu za kromosomu, zinazokaribiana sana, A, B na D, bila Ph1 utakuta kromosomu 1A inashikana na 1B au 1D halafu uzazi unavurugika. Kwahiyo inaisaidia sana ngano, ila kromosomu ya nyasi nayo inazuiwa hivyohivyo, na kopi moja tu ya Ph1 kwenye chotara inatosha kuzuia. Tafuta ph1b, ni ngano ya aina ya Chinese Spring ambayo mtafiti Sears aliipiga eksirei kipande chenye Ph1 kikaondoka, aliitangaza 1977. Pm13, jeni ya kinga ya ubwiri unga, ilihamishwa kwa njia hiyo na ilitoka kwenye nyasi hiyohiyo ya kwako!

shambani_na_maabara: Naongezea, usikimbilie chotara ya kwanza maana Ph1 ikikosekana hata A, B na D zitaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe. Tengeneza kwanza ngano ambayo kromosomu moja tu ya nyasi imechukua nafasi ya ndugu yake wa ngano, ndo uivushe na ph1b. Ukishapata kipande chako rudisha Ph1 haraka kwa kuvusha na ngano ya kawaida, ukiendelea na ph1b vizazi vingi kromosomu zinazidi kuchanganyikana na mbegu zinapungua.

mbegu_chotara: Asanteni sana aisee. Na nitajuaje kipande kimeingia?

Kromo5B: Pima alama za DNA, yaani sehemu za DNA zinazotofautisha ngano na nyasi, tena pande zote mbili za jeni. Usitegemee hadubini peke yake, kipande kidogo hakionekani na ndo hicho unachokitaka, kikubwa kinakuja na mizigo, yaani sifa usizozitaka, mfano Lr19, jeni ya kinga ya kutu ya majani kutoka nyasi pori ya Thinopyrum, ilikuja na unga wa njano. Chagua mimea ambayo alama ya upande mmoja ni ya ngano, kisha uivushe tena ukate na upande wa pili.