Mjadala: Benki zilazimishwe kuwakopesha wafanyabiashara wadogo?

Muuza Viatu: Wakuu, Hazina ya Hasla, ule mkopo wa serikali ya Kenya wa kupitia simu, ilianza Novemba 2022, mimi nikapewa shilingi 500. Siku 14 urudishe, na asilimia 5 inakatwa kama akiba. Hapa soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, 500 hainunui hata jozi mbili za kamera, yaani viatu vya mitumba vya daraja la kwanza. Nasema benki zilazimishwe kutukopesha kwa riba nafuu. Mnaonaje?

Mpiga Hesabu: Tulijaribu 2016. Riba ikafungwa isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Benki zikawakwepa wadogo, zikaona heri kuikopesha serikali. 2019 sheria ikaondolewa. Na tuambiane ukweli: nyinyi wa mitumba hamweki hesabu, na wengi mlikula hizo 500 mkazima simu.

Mama Mabeli: Nani alizima simu? Mimi nafungua beli, furushi la mitumba, saa kumi na moja alfajiri kwa tochi ya simu hiyo hiyo! Mwezi jana nimekata kamba za beli ya sweta, juu safi, katikati zote zimeliwa na nondo. Hasara yangu. Mkopo nililipa.

Fundi Kamukunji: Mnagombania mkopo, mimi nadai. Nilipelekea ofisi moja ya umma masanduku 40 ya bati, mwaka wa pili huu. Kila nikienda, faili iko kwa mtia sahihi. Vijana wangu walitaka mshahara, nikakopa, nikachelewa, sasa niko CRB, kwa orodha ya wasiolipa mikopo. Serikali ilipe inachodaiwa kwanza, halafu ndiyo tuongee riba.

Mpiga Hesabu: Pole Fundi, hapo uko sawa. Lakini Mama, hujajibu. Hesabu ziko wapi?

Mama Mabeli: Ziko kwa daftari la kurasa 200, kila mdeni na tarehe yake. Kanjo, askari wa kaunti, akija kuchukua ushuru wa kila siku haniulizi vitabu. Kwa ushuru mimi ni mfanyabiashara, kwa mkopo ni mtu wa mitumba?

Mwanachama: Dada, ingieni chama. Hazina ya Wanawake ya serikali ipo tangu 2007, inakopesha vikundi.

Mshona Nguo: Mitumba ndiyo iliyotuua sisi mafundi wa nguo, na hapa mnaitafutia mkopo!

Mama Mabeli: Nawe unanunua wapi sweta za watoto wako? Na Mpiga Hesabu, njoo kesho alfajiri na kalamu yako. Daftari nitakufungulia, lote.