Tupeane uzoefu: bildi ya app ikifeli, mnaipataje kwenye logi amri iliyofeli?

Mleta mada

Habari za kazi, wanajamvi. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni huliruka: bildi (kazi ya kujenga app kutoka kwenye kodi) ya app ya simu inapofeli, mnaipataje kwenye logi (kumbukumbu ya hatua za bildi) ile amri hasa iliyofeli? Mstari mwekundu wa mwisho kwa kawaida hutangaza tu kwamba kazi fulani imeshindikana, ilhali majina ya mafaili, njia za folda na flagi (chaguo za amri) ambazo kompaila, yaani programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine, imepewa vimo ndani ya amri yenyewe, ambayo huenda iko mbali sana juu yake.

Naanza na langu. Tulikuwa na app ya iOS iliyotegemea maktaba ya C++ iliyokuja ikiwa imeshakompailiwa. Tulipoweka toleo jipya la maktaba hiyo, Xcode (programu ya Apple ya kujengea app) ikawa inalalamika "Undefined symbols for architecture arm64" kuhusu fankisheni ambazo tuliziona kwa macho yetu ndani ya toleo hilo. Nilibonyeza Command na 9 ili kufungua orodha ya ripoti, nikachagua bildi iliyofeli, kisha nikaifunua hatua ya kulinki (kuunganisha vipande vilivyokompailiwa) hadi amri nzima ya clang, kompaila ya Xcode, ikaonekana. Ilikuwa ndefu kupindukia, lakini nilichokuwa natafuta ni mpangilio wa flagi za -L (zinazotaja folda za maktaba) tu, kwa sababu linka hupekua folda kwa mfuatano huo na kuchukua maktaba ya kwanza yenye jina linalolingana. Folda ya toleo la zamani ndiyo iliyokuwa imetangulia, na ujumbe wa kosa haukuigusia hata kidogo.

BiTerminali

Asante kwa mada, mkuu. Mimi sifungui Xcode kabisa, kwa kuwa bildi zetu hufanyika kwenye seva. Ukitumia xcodebuild (njia ya kuendesha bildi za Xcode kwa amri), bildi ikifeli huandika mwishoni "The following build commands failed:", na chini yake hutaja hatua zilizoshindwa, kwa mfano CompileC, Ld, CodeSign au PhaseScriptExecution, pamoja na faili linalohusika. Ninachofanya ni kunakili jina hilo na kulitafuta kuelekea juu, kwa sababu hatua nyingi huendeshwa sambamba na matokeo yake huchanganyikana, kiasi kwamba mstari ulio juu tu ya kosa unaweza kuwa wa hatua nyingine kabisa.

Kikwazo ni vile vipambaji vya logi kama xcpretty, ambavyo huacha muhtasari mzuri wa kutazama na kuzificha amri. Hifadhi kwanza logi ghafi kwa tee (amri inayonakili matokeo kwenye faili), ndipo uipeleke kwenye kipambaji, na usisahau pipefail (mpangilio wa bash unaohesabu mnyororo mzima umefeli hatua yoyote ikifeli), la sivyo bildi iliyofeli itaonekana imefaulu kwa sababu programu ya mwisho kwenye mnyororo imemaliza salama. Kwenye GitHub Actions (huduma ya GitHub ya kuendesha bildi kwenye seva), ukiandika wazi "shell: bash", pipefail huwashwa, usipoandika, bash huendeshwa bila hiyo.

MjenziWaNDK

Upande wa Android wenye kodi ya C++ una shida yake, kwani amri haziko mahali ambapo mtu angezitarajia. Google Play ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba 2025, app mpya na masasisho yanayolenga Android 15 kwenda juu lazima yaweze kufanya kazi kwenye simu zenye kurasa za kumbukumbu za KB 16. Timu yetu ilikuwa bado kwenye NDK (zana za Google za kujengea kodi ya C++ kwa Android) ya zamani kuliko r28, ambayo ndiyo iliyoanza kulifanya jambo hilo yenyewe, hivyo mwenzetu aliongeza flagi -Wl,-z,max-page-size=16384 kwenye CMakeLists (faili la maelekezo ya bildi ya C++). Bildi ikapita bila kosa lolote, lakini llvm-readelf -l (amri ya kukagua muundo wa maktaba iliyojengwa) ilionyesha kwamba moja ya maktaba zetu mbili bado imepangwa kwa 0x1000, yaani KB 4.

Gradle (mfumo wa bildi wa Android) yenyewe haikutusaidia sana, hata kwa --info. Tuliingia ndani ya folda ya .cxx hadi kwenye folda ya arm64-v8a yenye faili la build.ninja, tukaendesha "ninja -t commands", ambayo huorodhesha amri zote bila kujenga chochote. Wengi hukimbilia compile_commands.json, na hapo hupoteza muda, kwa sababu faili hilo lina amri za kukompaili tu. Za kulinki hazimo. Tulichuja mistari yenye -shared (flagi ya kulinki maktaba), ikabaki miwili: mmoja una flagi, mwingine hauna. Flagi ilikuwa imefungwa kwenye maktaba moja kupitia target_link_options, na ya pili haikuguswa. Wanaotumia ndk-build wana njia fupi zaidi: waongeze V=1.

Mwanaflutter

Kwetu bildi haikufeli, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwani app ya majaribio ilikuwa inaongea na seva ya wateja halisi. Nilirudia kwa "flutter build apk -v", nikatafuta mstari unaoita gradlew (skripti inayoendesha Gradle), nikakuta -Ptarget inaelekeza lib/main.dart badala ya faili la kuanzia la majaribio. Skripti ya seva haikupitisha -t, flagi inayotaja faili la kuanzia.

KodiYaPwani

Naongeza tahadhari kwa wanaonakili amri na kuiendesha kwa mkono. Hatua ya PhaseScriptExecution ya mradi wetu wa React Native ilifeli ikidai node (programu inayoendesha JavaScript) haipo, lakini skripti ileile ikiendeshwa kwenye terminali ilipita vizuri. Xcode iliyofunguliwa kwa kubofya ikoni hairithi PATH (orodha ya folda za kutafutia programu) ya terminali yako. Kwenye mipangilio ya skripti hiyo kuna kisanduku cha kuonyesha vigeu vya mazingira kwenye logi. Kiwashe, ulinganishe na matokeo ya env, kisha utaje njia ya node kwenye faili la .xcode.env.

BiTerminali

Kweli kabisa, kaka. Nami nakumbusha kuhusu siri: anayepitisha nywila ya keystore (faili la ufunguo wa kutia saini app) kupitia -Pandroid.injected.signing.store.password aikague logi kabla ya kuibandika hapa. GitHub huficha siri zilizosajiliwa kwa nyota tatu, lakini siri iliyogeuzwa umbo na skripti, kwa mfano iliyofunguliwa kutoka base64, hutoka wazi.

Mgeni_Jamvini

Samahani, wakuu. Mwenzangu amenitumia faili la .xcactivitylog (logi ya bildi ya Xcode) na halifunguki kwenye kihariri chochote.

Mleta mada

Karibu, mgeni. Limebanwa kwa gzip. Liendeshe kupitia "gunzip -c < faili", utapata maandishi yenye alama za ajabu katikati, lakini amri za clang zitasomeka. Mafaili hayo hukaa ndani ya DerivedData (folda ya Xcode ya matokeo ya bildi), kwenye Logs/Build ya kila mradi.