Mrejesho: ile sindano ya mama ya baridi yabisi

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama mama aanze sindano ya adalimumabu, ile inayoikamata protini ya TNF inayochochea kinga ishambulie viungo, maana methotreksati, dawa ya kutuliza kinga aliyokuwa akitumia, peke yake iligonga mwamba. Asanteni sana, hasa uliyesema apimwe TB kwanza, kumbe anayo imelala (vijidudu vimo mwilini ila haumwi), ikabidi ameze dawa mwezi mzima ndo akachomwa. Sasa ni mwezi wa nne tangu aanze, miligramu 40 kila wiki mbili, vidole vimenywea na juzi kakuna nazi mwenyewe! Ila goti la kulia bado linamtesa. Kuitoa sindano kwenye friji nusu saa kabla ya kuchoma kumepunguza maumivu ya kuchomwa kiasi tu. Bei ndo usiseme. Methotreksati anaendelea nayo, kila Jumapili.