MREJESHO: Mwanangu hajakutwa na usonji

Wapendwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliwauliza kama mwanangu wa miaka 4 ana usonji (autism, hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na tabia), maana haongei na kutwa anapanga vifuniko vya soda. Mlionishauri nianze kumpima masikio, Mungu awabariki sana! Alikutwa na majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, ambayo hupunguza kusikia. Usonji pia alipimwa. Daktari akasema vigezo havijatimia, turudi baada ya miezi 6. Zile video mlizoniambia nimrekodi nyumbani ziliokoa, maana siku hiyo aling'ang'ania mapajani tu. Kumwachisha sukari hakukubadili kitu. Mtaalamu wa matamshi bado sijapata, na vifuniko bado anapanga. Ila juzi alisikia bodaboda ya baba yake, akakimbilia mlangoni. Asanteni mno.