Mtwara: Tunalipa ada watoto wafundishwe kucheza, wanageuzwa burudani ya bure kwenye shughuli za watu!

Wakuu, salama? Uzi huu msiuunganishe na mwingine tafadhali, naandika nikiwa nimechefukwa haswa.

Mimi ni fundi cherehani, Magomeni hapa Mtwara mjini. Mwezi wa tatu kikundi kimoja (jina naliweka kapuni kwa sasa) kilibandika matangazo mpaka kwenye nguzo za umeme: madarasa ya kucheza kwa watoto wa miaka 7 hadi 15, mitindo mitano. Sindimba, singeli, hip hop, amapiano na baleti. Ada 30,000 kwa mwezi, sare 25,000. Binti yangu ana miaka 10, anacheza tangu hajajua kuvaa kandambili, nikasema acha nijinyime.

Ile sare ndiyo ingenizindua. Fulana ya mtumba na kisketi cha kitambaa chepesi, mita moja haifiki. Mimi nashona jamani! Ukinipa elfu kumi na mbili nakutengenezea na chenji narudisha. Nikameza.

Baleti mwalimu wake hatujawahi kumwona. Kuna dada anafungua video kwenye simu, watoto ishirini na kitu wanachungulia kioo cha kiganja, halafu anawaambia wasimame kwa ncha za vidole. Peku. Juu ya saruji. Nimeuliza wanaojua: vile viatu vya kusimamia ncha za vidole mtoto kwa kawaida havai kabla ya miaka 11 au 12, tena baada ya miaka ya kujenga kifundo, kwa sababu mifupa ya mguu bado laini. Na ukumbi wa kucheza huwekwa sakafu ya mbao inayobonyea, siyo zege linalorudisha kishindo chote kwenye ugoko. Wangu alianza kulalamika magoti wiki ya pili, mimi namwambia utazoea. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ila kilichonichoma zaidi ni sindimba. Wadau, sindimba ni ya huku! Imetoka kwa Wamakonde, kwenye sherehe za jando na unyago, baada ya uhuru ikachezwa nchi nzima. Walimleta mzee mmoja kutoka upande wa Tandahimba, kaja na ngoma zake, kawasha moto wa makuti pembeni kupasha ngozi, watoto wamekaa wanamtazama kimya. Wiki tatu zile binti yangu alikuwa anarudi nyumbani anapiga mdundo kwenye sufuria, ananionesha mguu unavyoanza ndipo kiuno kifuate. Nikajua pesa yangu inafanya kazi. Wiki ya nne mzee hayupo. Nimekuja kukutana naye stendi, ananiambia, "Mwanangu, hata nauli hawanipi. Wanataka niwafundishe watoto dakika mbili za kiuno, basi, wakaoneshe wageni."

Wakaoneshe wageni. Hapo ndipo penyewe.

Jumamosi iliyopita tukaambiwa watoto wafike saa 12 asubuhi, kuna "zoezi maalumu". Zoezi gani! Walipakiwa kwenye Coaster wakapelekwa kumpokea mgeni rasmi kwenye uzinduzi fulani. Mgeni kafika saa 6 mchana. Jua la Mtwara mnalijua. Saa zote hizo wamepangwa mstari juani, njuga miguuni, wakacheza kama dakika nne, mgeni kapunga mkono kapita. Kila mtoto soda moja na biskuti. Binti yangu kaingia nyumbani saa 9, nyayo zimebabuka kwa lami, ming'oko anayoipenda kuliko wali hakuigusa, kalala na vumbi lake.

Mnadhani walikwenda kujitolea? Jumatatu mteja wangu mmoja, alikuwa kwenye kamati ya ile shughuli, kaja kupima gauni, katika maongezi akasema, "Kikundi chenu kile ghali, kimetutoa laki nne." Nilijichoma sindano.

Kwa hiyo sisi tunalipa ada, watoto wanafanya kazi, mwingine anakunja laki nne. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, hata kazi nyepesi. Na video zao zipo mtandaoni zimewekewa tangazo la duka la simu, hakuna mzazi aliyeulizwa, wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Niliuliza kwenye grupu la WhatsApp kwa adabu zote: shikamoo, naomba kujua malipo ya Jumamosi yameenda wapi. Nikatolewa. Baadhi ya wazazi wakanifuata pembeni, "mama achana nao, watoto si wanafurahi". Wanafurahi ndiyo, ni watoto!

Nataka ada ya miezi miwili irudi, video zifutwe, na yule mzee alipwe haki yake. Kesho naenda kwa afisa utamaduni wa manispaa kuuliza kama kikundi hiki kina usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Mzazi wa Chuno, Ligula, Shangani, popote, kama mwanao yumo njoo inboksi twende pamoja, peke yangu wataniona mwenye fitina.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Mwenye kikundi kanipigia sasa hivi, kumbe mtu kamwonesha. Anasema nifute kwanza uzi ndipo tuongee habari ya pesa. Nimemwambia alete pesa kwanza, cherehani ipo hapa kibarazani, anaijua nyumba.