Mashine ya kupukuchua inatupa punje kwenye magunzi, nyingine zinapasuka. Nianzie wapi?

Mkulima_Ifunda:
Wakuu, habari za majukumu. Nina mashine ya zamani ya kupukuchua mahindi, ya drumu lenye meno na wavu chini, inavutwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Puli ya injini ni inchi 6, ya drumu inchi 12, na injini inazunguka kama 2000 kwa dakika. Punje nyingi zinatoka na magunzi, na zinazoingia kwenye gunia zimepasuka. Mbegu ni H614. Nianze kurekebisha nini?

FundiMbalizi:
Mkuu, spana iweke chini kwanza. Tandika turubai magunzi yanapotokea, lisha mahindi ya gunia moja kwa mwendo wako wa kawaida, halafu chambua. Punje zilizolegea ziweke kando. Zilizong'ang'ania gunzi zipukuchue kwa mkono, chombo kingine. Pima zote. Zikiwa nyingi ni zilizolegea, feni inazipuliza au wavu umeziba kwa maganda na ndevu za mahindi. Zikiwa nyingi zimeng'ang'ania, basi ni meno, nafasi ya wavu au unyevu. Usipotenganisha hivyo utakaza cha kulegezwa.

Kupasuka kumeshajieleza kwenye puli zako: 2000 × 6 ÷ 12 = 1000. Drumu la namna hiyo lipe 600 hadi 700. Funga puli ya inchi 18 kwenye drumu, utapata kama 667. Mkanda utahitaji kuwa mrefu zaidi, au usogeze injini. Kuna watakaokwambia weka puli ya inchi 4 kwenye injini, rahisi, hesabu ni ileile. Mi siishauri: mkanda unakosa pa kushika, unateleza, na drumu linazubaa kila ukilisha.

Kama feni inavutwa na shafti ya drumu, nayo itapungua kwa theluthi. Huenda hapo ukawa umetibu mawili kwa mpigo. Makapi yakianza kubaki kwenye punje, fungua mlango wa hewa kidogo kidogo.

MamaShamba_Mufindi:
Kaka, kabla ya puli, mahindi yamekauka? Huku kwetu Juni na Julai ukungu unashinda shambani, hindi linaonekana kavu kwa nje na gunzi bado bichi. Bichi halipukuchuki: punje inapondeka na gunzi linakatika vipande vinavyochanganyika na nafaka. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, punje zifike theluthi, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, acha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Anika tena.

Mkulima_Ifunda:
Asanteni sana. Chumvi haikuganda. Kwenye turubai nyingi zimebaki kwenye magunzi, na meno yameliwa upande mmoja, yamekuwa mviringo. Nichomelee?

FundiMbalizi:
Yakiwa ya kufungwa na nati, yageuze, upande mzima utangulie. Ya kuchomelewa yajenge, ila jino na lile linaloliangalia upande wa pili yapate kiasi kilekile, la sivyo drumu litatikisika na kuua beringi.

Kisha pima nafasi. Zima injini, toa mkanda kabisa, chukua kipande cha nondo ya milimita 25 ukipitishe kati ya ncha ya jino na wavu. Kipite kwa kusugua kidogo. Kikipita ovyo, pandisha wavu. Pima ncha zote mbili za drumu: beringi ikichoka upande mmoja linalala, huku linaponda na kule linaacha punje. Ukikuta hivyo, beringi kwanza, wavu baadaye.

Mbozi_Nafaka:
Na mahindi madogo yatenge. Nafasi ya kufaa H614 lililojaa haiwezi kushika kahindi ka kidole, kanapita na punje zake. Hayo pukuchua kwa mkono.